Mama Noela Hatoi Mji

Ukienda kununua michembe kwa Mama Noela pale sokoni Shinyanga, haraka zako ziache nyumbani. Utauliza bei, naye atakuuliza unaipeleka wapi. Ukimjibu kwamba hayo hayamhusu, atafunika gunia, atakutazama juu mpaka chini, na hapo ujue leo hununui kitu. Maana mama huyu, ambaye padri alimbatiza Apolonia, haoni kwamba anauza viazi vikavu tu. Viazi amevimenya mwenyewe, amevikata mwenyewe vipande vyembamba, amevianika juu ya majabali ya Kizumbi mpaka vikawa vinalia mkononi. Halafu wewe ukavifungie kwenye mfuko wa nailoni, uvipeleke Bukoba vikaote kuvu? Thubutu!

"Sitaki mtu aseme michembe ya Mama Noela imeoza," husema. "Michembe haiozi. Kinachooza ni akili ya aliyeitunza."

Kwa hiyo ni lazima aujue mji wako na hewa yake. Wa Bukoba anaambiwa aining'inize juu ya jiko, moshi uipitie, kwa sababu kule mvua haina mwezi wake. Wa Tanga anaambiwa aitoe nje kila jua linapochomoza, hewa yao imejaa maji. Wa Dodoma haambiwi kitu, anatakiwa safari njema. Kwa miaka yote hiyo ya kuuliza, Mama Noela amezikusanya hewa za nchi nzima kichwani, na yeye mwenyewe mbali alikowahi kufika ni Nzega, kwenye msiba.

Ndipo mchezo ukaanza. Mteja akisogea, Mama Noela anamkatiza: "Mji usinitajie. Niambie kwenu hali ya hewa ikoje, nitautaja mimi." Akiupata, unaongeza kopo moja la kununua. Akiukosa, anakuongezea konzi ya bure.

Juzijuzi alisimama mbele yake dada mmoja wa safarini, mkoba begani.

"Kwetu mwezi huu wa saba jua tunalisikia kwenye redio," dada akasema. "Mawingu yanatukalia kichwani hadi mchana. Watoto wanaenda shule na masweta."

"Migomba ipo?"

"Ipo."

"Na mlima mnauona?"

"Wiki ya ngapi sijui, hatujauona."

"Wewe ni wa Moshi," akasema Mama Noela, tayari anachota. "Tena si wa mjini. Ni wa juu huko, Kibosho au Machame. Kopo la pili hilo, na usiifunge kwenye nailoni."

Dada akacheka mpaka mkoba ukamdondoka. Meza ya jirani, Bhoke, Mkurya wa Tarime anayeuza dagaa, akatikisa kichwa. "Huyu mwanamke amemeza redio," akasema. Husema hivyo kila siku, na kila siku anacheka mwenyewe.

Sasa, mchezo huu Mama Noela hakuuanzisha sokoni. Alifundishwa na Masalu, mumewe, kabla hajawa mumewe. Wakati huo Masalu alikuwa utingo wa malori ya pamba, kijana mwenye shingo ndefu na maneno mengi, leo yuko Tanga, kesho kutwa Makambako. Kila akirudi anapita kwa kina Apolonia na kusimama nje ya uzio, hana zawadi, hana soda.

"Kitendawili," anasema.

"Tega."

"Nimelala na mashuka mawili na koti juu, nikaamka meno yanapiga ngoma."

"Makambako."

"Nimefua shati asubuhi, jioni bado linadondosha maji, nami nadondosha kama shati."

"Tanga. Hiyo rahisi, lete nyingine."

Kila mtu anajua sheria ya kitendawili: ukishindwa, unampa mji yule aliyetega. Unamwambia nenda Mwanza, au nenda Kigoma, naye anakwenda kwa maneno, anasimulia alivyopokewa na watu wa huko, ndipo anakupa jibu. Lakini Apolonia alikuwa hatoi mji. Tangu usichana wake hajawahi. Kama jibu limemshinda, atalala nalo, atachota maji nalo, atakwenda nalo kanisani, na wiki ijayo atarudi na jibu lingine. Masalu alipomwambia, "Basi nipe mji tumalize," alimjibu, "Mji nikupe nina wazimu?" Nafikiri kijana wa watu alimwoa kwa sababu hiyo. Alitaka aone siku atakayoshindwa.

Wakapata Noela, wakajenga Kizumbi, wakazoeana. Kisha malori yakapungua, mgongo wa Masalu ukaanza kulalamika, na maneno ya dhahabu yakamwingia masikioni. Watu walikuwa wanatoka Nyarugusu, kule Geita, na pikipiki mpya. Wale waliotoka na malaria tu, hao hawakuwa wanapita barabarani wakijionyesha. Masalu akaaga. Alisema mbele ya nduguye Mayala, mbele ya majirani, na kifua mbele, kwamba atarudi na kitu cha kuonekana. Laiti angenyamaza! Neno likishasemwa mbele ya watu, halirudi mfukoni.

Simu yake ilikuwa inazimwa muda wote, kutunza chaji alivyodai. Alikuwa anapiga mwenyewe, Jumapili baada ya ibada. Na mchezo uliendelea.

"Huku majani ni mabichi mpaka juu ya mawe," alisema mara ya kwanza. "Mvua inakuja na radi jioni, na upepo wake una harufu ya ziwa."

"Bado uko Geita, Baba Noela. Hujafika mbali."

Mvua kubwa zilipokuja, lile duara lao, ndilo shimo la wachimbaji, likajaa maji na matimba yake, zile nguzo za kuzuia udongo, yakaanguka. Mungu saidia hapakuwa na mtu ndani. Masalu akasema anahamia pengine, na safari hii hatautaja mji hata akibembelezwa. Wachimbaji wana imani yao, kwamba ukilitaja duara nyumbani kabla halijatema dhahabu, mali inahama. "Nitakuambia hewa," akasema. "Ukiupata mwenyewe, nitakiri."

Hapo ndipo Mama Noela alipoanza kukosa.

"Asubuhi ni ukungu mzito, umande kwenye viatu," Masalu alisema.

"Njombe."

"Umekosa. Mchana ninatoa jasho, shati linang'ang'ania mgongoni."

"Ukungu na jasho? Kyela."

"Umekosa. Na jioni upepo mkavu unapasua midomo."

Alitaja Chunya, akataja Mpanda, akataja Songea, akarudi akataja Tunduru. Kote umekosa, umekosa, umekosa. Miezi ilipita. Sokoni aliendelea kuwapata wateja wake wote, mumewe tu ndiye hampati. Ilimuuma. Kuna siku alipima michembe akapitiliza kopo bila kujua, Bhoke akamshika mkono.

"Unamwaga mali, mama. Uko wapi?"

"Natafuta mji wenye asubuhi ya Njombe, mchana wa Tanga na jioni ya Singida."

"Huo haupo."

"Hata mimi naanza kufikiri hivyo."

Ingebaki kuwa mchezo tu kama Noela asingeposwa. Mchumba ni Enock, fundi wa pampu, kijana mtaratibu kutoka Maswa. Wazee wao wakaleta habari kwamba wanakuja kuongea mahari Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, kabla watu hawajaanza kuandaa mashamba. Kwa Wasukuma, mahari haiongelewi na kiti kitupu. Baba yupo, anakaa. Hayupo, nduguye anakaa, ng'ombe wanapita mkononi mwake, na tangu siku hiyo neno juu ya binti ni lake. Mayala alishaanza kukijaribu kile kiti. Alikuwa anakuja jioni, anakikalia, anakunja nne, anauliza ng'ombe watafungwa wapi.

Noela aliposikia, aliweka chini beseni la vyombo.

"Mama, mimi sijafiwa. Nikitolewa na baba mdogo, watu watauliza kaburi la baba liko wapi. Baba asipokuwepo, mwambie Enock wazee wake wasije."

"Wakiambiwa wasije hawatakuja tena, mwanangu."

"Basi wasije."

Na Noela ni mtoto wa mama yake, akisema amesema. Jumapili ile Apolonia aliyamwaga yote kwenye simu. Masalu akasema, "Nitakuja. Duara likitema nitakuja." Likikataa je, Apolonia akauliza. "Nitakuja na nini mbele ya wakwe, Mama Noela? Watu wote wanajua nilifuata nini." Kisha akaaga kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge. Mama Noela alibaki ameishika simu. Angeujua mji, angepanda basi akamlete. Lakini nchi hii ni kubwa, utaanzia wapi?

Ikaja ile Jumamosi ya mvua. Mvua mwezi wa nane, Shinyanga! Mchana ulikuwa mweupe, michembe imetandazwa majabali yote, na Apolonia anaigeuza taratibu. Mara akasikia ubaridi shingoni. Kugeuka, wingu jeusi limesimama upande wa barabara ya Mwanza. Alipiga kelele, Noela akatoka na turubai, majirani na ndoo na kanga, watu wakaanua wanakimbia wanagongana. Mvua ilipiga muda wa kuchemsha chai, ikaondoka, jua likarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Sehemu kubwa ya michembe ilipona. Iliyolowa walipewa mbuzi.

Kesho yake Masalu akapiga.

"Kitendawili."

"Tega," akajibu Apolonia, amechoka.

"Huku kuna ukungu, siku tatu hatujaona jua. Tunaota moto kutwa."

"Sijui. Iringa."

"Umekosa." Akakohoa kidogo. "Halafu nisisahau, mke wangu. Ile michembe jana, uliwahi kuianua?"

"Niliwahi," akasema Apolonia.

"Afadhali. Niliogopa sana." Wakaagana.

Apolonia alikuwa ameshapiga hatua kuelekea jikoni alipogutuka. Akasimama. Kuianua kutoka kwenye nini? Nani amemwambia kuna mvua? Mvua ya kuchemsha chai, ya mwezi wa nane, redio gani inaitangaza? Kwa mtu anayeota moto mlimani siku ya tatu, Shinyanga ya mwezi huu ni vumbi tu. Hana sababu ya kuogopea michembe ya mtu.

Jumatatu sokoni hakucheza mchezo. Aliuliza swali moja tu kwa kila aliyetokea njiani: Jumamosi mlipata mvua? Wa Kahama akasema mvua gani, mama, unaumwa? Wa Tinde akaonyesha miguu yake, vumbi mpaka magotini. Wa Mwanza hakuona hata tone. Karibu na mchana akaja mama mmoja wa Maganzo, kule wanakochekecha mchanga wa almasi, kufuata dagaa kwa Bhoke.

"We! Ilianzia kwetu," yule mama akasema. "Wachekechaji walikimbia wameacha mpaka machekecheo. Tukaiona inashuka kuja huku, tukasema leo wanaoanika wamekwisha."

Apolonia akakaa chini, juu ya gunia. Maganzo! Basi linatoka hapa, likifika kule ugali wa nyumbani haujaiva. Mwaka mzima mtu amekuwa anaokota hewa midomoni mwa wenzake, ukungu kwa huyu wa Njombe, jasho kwa yule wa Tanga, anamtengenezea mji usiokuwepo. Naye amelala nao, amechota maji nao, amekwenda nao kanisani!

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Alimweleza Bhoke, na Bhoke hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alishafunika dagaa.

"Inuka twende. Mimi namshika shati, wewe shika mkanda. Jua halijatua tumeshamleta."

"Kaa kwanza."

"Nikae? Mwanaume amekudanganya mwaka mzima, yuko hapo puani!"

"Kaa, Bhoke. Nikimkamata leo kama mbuzi aliyeingia shamba la watu, Jumamosi ya mahari atakaa kwenye kiti gani? Wakwe wataletewa baba au mateka?"

Bhoke akakaa, lakini kwa shingo upande. Apolonia naye akaanza kupepeta michembe isiyohitaji kupepetwa. Hasira ilikuwa bado ipo, ila kuna kitu kilikuwa kinaipunguza makali. Masalu angeweza kwenda kokote. Chunya kweli ipo, Mpanda ipo. Alikuwa amekuja kukaa mahali ambapo wingu likisimama juu ya Kizumbi analiona. Akaliona, na michembe ya mkewe ikamtoka mdomoni kabla hajaukumbuka uongo wake. Machozi yalimtoka Apolonia pale pale sokoni, na mteja wa Singida akahudumiwa na Bhoke.

Jumapili iliyofuata, ile ya kabla ya mahari, simu ililia wametoka kanisani.

"Kitendawili," akasema Masalu. Sauti yenyewe haikuwa na nguvu.

"Tega."

"Asubuhi ukungu, mchana..."

"Nimeshindwa," akasema Apolonia.



"Unasema?"

"Nimeshindwa, Baba Noela. Nakupa mji."

"Wewe? Unanipa mji wewe?"

"Mimi. Umesubiri tangu siku zile za uzio, leo umenipata. Upokee."

"Mji gani?" akauliza, taratibu sana.

"Nakupa Shinyanga. Nenda, kisha uniambie watu wa huko walivyokupokea. Sheria unaijua."

Alisikia mumewe anapumua. Nyuma yake pikipiki ilipita, na mtu akaita mwenzake kwa Kisukuma cha hapa hapa. Kisha simu ikakatika, bila kwaheri. Apolonia akaingia ndani, akawasha pasi.

Wiki ile ilikwenda. Hapakuwa na simu wala salamu. Noela hakuuliza, ila kila jioni alikuwa anafagia njia mpaka barabarani, njia ambayo haikuwa na uchafu. Jumamosi kukakucha. Bhoke alifika alfajiri na sufuria zake mbili, Mayala akafika na koti la harusi yake mwenyewe, limemkaba kwapani, akakikalia kile kiti bila kukaribishwa. Enock akapiga simu: wazee wameshavuka Mwigumbi, wako njiani. Noela alikuwa chumbani, na gauni lake lilikuwa bado kwenye msumari.

"Mwambieni binti avae," akasema Mayala. "Baba yake ni mimi leo."

Apolonia alikuwa anakoroga mchuzi kwa nguvu kuliko mchuzi ulivyohitaji. Moyoni alikuwa anaomba, hana maneno, anasema tu, Bwana, miguu yake, ilete miguu yake.

"Hodi."

Mtu anapiga hodi kwake mwenyewe! Masalu alikuwa amesimama penye uzio, amekonda, shingo imezidi kurefuka, viatu vyeupe kwa vumbi, mkononi ana mfuko mdogo usiokuwa na uzito wowote. Mayala akafungua mdomo, ukabaki hivyo hivyo. Masalu hakumtazama. Alikuwa anamtazama mwenye mwiko.

"Nilikwenda Shinyanga," akasema.

Pazia la chumba cha Noela likasogea.

"Nilikwenda Shinyanga," akarudia. "Nikakuta jua, na upepo, na michembe imekauka vizuri. Watu wa Shinyanga wakanipokea. Sikuwaletea kitu, wakanipokea hivyo hivyo." "Na jibu la kitendawili... jibu ni Maganzo."

Bhoke akainama haraka kwenye jiko, akaanza kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

"Maganzo!" akasema Apolonia, akapiga makofi, mwiko ukaanguka. "Haki ya Mungu, Baba Noela, hiyo nisingeipata hata kwa miaka kumi."

Masalu akacheka na kulia kwa pamoja, akafuta uso kwa kiganja. Mayala alishasimama. Alikuwa anakifuta kiti kwa mkono wa koti, kama aliyekuwa anakitunzia mwenyewe muda wote.

"Ingia uoge upesi, wakwe wanakaribia," Apolonia akasema, anaokota mwiko wake. "Maji yako bafuni. Shati lako liko kitandani, nililipiga pasi Jumapili."